Vumbi la nyika hufukuza mvua, gharama hulipwa hadi Olympic

Katika miezi ya kiangazi, kabla ya mvua ya masika kuanza, akina mama wanaouza mboga karibu na kituo cha matatu cha Olympic, mtaani Kibera, huanza siku kwa kunyunyiza maji mbele ya vibanda vyao. Maji yenyewe hununuliwa kwa mtungi, lakini asiyenyunyiza huishia kuuza sukumawiki iliyofunikwa na vumbi jekundu. Kwao, na kwa wenzao wa Kawangware ng'ambo ya barabara ya Ngong, vumbi ni kero ya kufutwa na kusahauliwa hadi kesho.

Vumbi hilo hutimuliwa na magari na miguu katika njia zisizo na lami. Lakini liko vumbi jingine, la mbali, ambalo wakazi wa Olympic hulilipia bila kulijua kila bei ya unga inapopanda. Tena wao wenyewe hushiriki kulizalisha, kila wanaponunua mkebe wa makaa.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, takriban tani bilioni 2 za mchanga na vumbi huinuka angani kila mwaka kote duniani, na angalau robo yake hutokana na shughuli za binadamu: kukata miti, kulisha mifugo kupita kiasi, kulima ovyo na kukausha maziwa na mito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na Jasper Kok wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake, ulionyesha kuwa vumbi angani limeongezeka kwa takriban asilimia 55 tangu katikati ya karne ya 19.

Kenya si mtazamaji katika jambo hili. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au nusu kame. Huko kaskazini, pepo kali hupita katika mwanya ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, zikivuka jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana. Nguvu ya pepo hizo ndiyo inayozungusha mitambo 365 ya kuzalisha umeme katika Kaunti ya Marsabit, mradi uliozinduliwa rasmi mwaka 2019. Pepo hizo hizo ndizo zinazobeba udongo pale nyasi zinapotoweka.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tatizo ni kwamba mawingu yaliyojaa vumbi yanaweza kupita bila kudondosha tone. Ili mvua inyeshe, matone madogo sana ya maji yaliyomo ndani ya wingu hayana budi kuungana hadi yawe mazito. Chembe za vumbi zinapokuwa nyingi, unyevu ule ule hugawanywa kwa matone mengi mno, kila moja likiwa dogo na jepesi, na wingu huishia kutawanyika. Daniel Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Hebrew, Jerusalem, na wenzake walieleza hayo mwaka 2001, wakionya kwamba ukame huleta vumbi, nalo vumbi huongeza ukame.

Aidha, vumbi likitanda angani huzuia sehemu ya miale ya jua isifike ardhini. Ardhi ikipata joto pungufu, maji machache hugeuka mvuke, na hewa yenye unyevu hukosa nguvu ya kupanda juu kuunda mawingu ya mvua. Ndiyo maana ingawa utafiti wa Kok ulikadiria kuwa kwa jumla vumbi huipoza dunia kidogo, mfugaji wa nyika hana sababu ya kushangilia. Kivuli hicho hakimletei mvua.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani katika miaka ya 1930, wakati nyanda zilizolimwa kupita kiasi zilipopeperushwa na upepo. Mwaka 2009, Benjamin Cook na wenzake walijaribu kuurudia ukame huo kwa kompyuta. Walipotumia joto la bahari peke yake, hawakuupata ukame kama ulivyotokea. Walipoongeza vumbi, ukame ulizidi makali na kufika maeneo ulikoshuhudiwa kweli.

Haki inadai isemwe kwamba vumbi halikuleta ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya. Chanzo kikuu kilikuwa mabadiliko ya joto la bahari, yakichochewa na ongezeko la joto duniani. Isitoshe, wanasayansi bado wanabishana, kwa kuwa zipo hali ambapo chembe kubwa za vumbi husaidia mvua. Hata hivyo, Wakenya hawana mamlaka juu ya joto la bahari. Juu ya udongo wao wanayo.

Hapo ndipo mkebe wa makaa wa Olympic unapoingia. Makaa yanayopikia jijini Nairobi hutoka kwa sehemu kubwa katika kaunti kame kama Kitui, Kajiado na Narok, ambako migunga hukatwa na ardhi kubaki wazi. Mwaka 2018, Gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara hiyo katika kaunti yake. Lakini mwaka huo huo serikali ya kitaifa ilitoza mafuta taa ada ya Sh18 kwa lita, na Julai 2021 ikarejesha ushuru wa asilimia 16 kwa gesi ya kupikia. Ushuru wa gesi uliondolewa mwaka 2023, lakini funzo linabaki: huwezi kumkataza maskini makaa kwa mkono mmoja na kumpandishia bei ya gesi kwa mwingine.

Mpango wa serikali wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 ni mzuri, mradi usihesabu miche pekee. Mathenge, mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, uligeuka janga lililoteka malisho. Kinachoshika udongo wa nyika kwanza ni nyasi. Wafugaji wa Chepareria, Pokot Magharibi, walionyesha hivyo walipozungushia malisho yao ua na kuyapumzisha, ardhi iliyokuwa tupu ikafunikwa tena.

Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2025 hadi 2034 kuwa mwongo wa kupambana na dhoruba za mchanga na vumbi. Serikali haina budi kuutumia kwa mambo mawili yanayotegemeana: fedha za kurejesha nyasi katika kaunti kame, na gesi ambayo mkazi wa Olympic anaimudu. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wakazi wake hawahitaji kuelezwa ardhi huwaje baada ya miti kuondoka.