Bwawa Livujalo na Udongo wa Kulizibia

Wanafunzi, sisi tukaao nchi ya chini ya mlima, kama hapa Bomang'ombe, husema kila mwaka ya kwamba mvua ni haba. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Mawingu humwaga maji mengi zaidi huko juu penye msitu, na huku uwandani hupata kidogo: masika tangu Machi hata Mei, na vuli mwisho wa mwaka. Lakini hata hicho kidogo hatukitunzi. Maoni yangu ni haya: kabla mtu hajachimba bwawa la pili, na kabla hajamshtaki jirani wa juu kuwa amemwibia maji, na alizibe kwanza bwawa alilo nalo. Mara nyingi dawa yake i karibu, nayo ni udongo wa mfinyanzi.

Kuhifadhi maji si jambo geni katika nchi hii. Wachaga walichimba mifereji, waiitayo mifongo, ikateremsha maji kutoka makorongo ya mlimani mpaka migombani, na mahali pengine maji yalikusanywa usiku katika mabwawa madogo yaitwayo nduwa, yakafunguliwa asubuhi. Ndugu zetu Wapare wana mabwawa ya namna hiyo hiyo, nao huyaita ndiva. Charles Dundas aliandika habari za mifereji hiyo katika kitabu chake cha Kilimanjaro kilichotolewa mwaka 1924. Na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilihesabu kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo ulimwenguni. Basi bwawa la nyuma ya nyumba ni mtoto wa ukoo mkubwa. Haifai mtoto huyo alelewe vibaya.

Sasa tupige hesabu. Tuseme bwawa lina urefu wa meta 10 na upana wa meta 6, na kila siku maji hushuka sentimeta 5. Zidisheni, nanyi mtaona kwamba maji yaliyopotea ni meta 3 za ujazo, ndizo lita 3,000, yaani madebe 150 ya lita 20. Mtu atasema, "Ni jua lililoyanywa." Jua lina sehemu yake, lakini mara nyingi si kubwa kama tudhaniavyo. Ili kujua, jazeni ndoo maji, iwekeni kando ya bwawa mahali penye jua lile lile, tieni alama katika ndoo na katika mti uliosimamishwa bwawani. Baada ya siku moja isiyo na mvua, tazameni zote mbili. Ikiwa maji ya ndoo yameshuka nusu sentimeta, na ya bwawa sentimeta 5, basi jua limechukua kama madebe 15 tu, na madebe 135 yamenywewa na ardhi. Fikirini: kila debe ni mzigo ambao mama au dada angeuchukua kichwani. Nani angekubali kumtuma dada yake safari 135 kisha amwage maji mlangoni? Lakini bwawa livujalo hufanya hivyo kila siku, wala hatusikii kelele yake.

Kwa nini ardhi hunywa maji hivyo? Sehemu kubwa ya udongo wetu imetokana na majivu na mawe ya volkeno, na mahali pengi una nafasi nyingi ndani yake. Maji hupita, huzama chini sana, na mengine hutokea tena mbali kama chemchemi, mfano wa zile za Chemka. Udongo wa mfinyanzi si hivyo. Chembe zake hazizidi sehemu 2 katika sehemu 1,000 za milimita. Chembe 500 zikipangwa mstari mmoja hazipiti milimita 1. Tena ni bapa kama visahani. Zikilowa na kukandwa hulaliana, zikaziba njia zote. Kwa sababu hiyo chungu hufinyangwa kwa udongo huo, si kwa mchanga.

Wala msidhani kwamba dawa hii ni ya maskini tu. Katika karne ya 18 huko Uingereza fundi James Brindley, ambaye elimu yake ya kuandika ilikuwa ndogo sana, alijenga mfereji wa kupitisha mashua za makaa ya mawe mpaka mji wa Manchester. Mwaka 1761 mfereji ule ulivushwa juu ya mto kwa daraja la mawe, mashua zikapita juu na mto ukapita chini. Kilichoyazuia maji yasivuje darajani ni udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri.

Lakini kazi hii ina taratibu zake, na mtu mvivu hataifaulu. Kutupa udongo mkavu juu ya maji ni bure. Kwanza bwawa likaushwe. Matope, mizizi na mawe yaondolewe, na mashimo ya fuko na ya mchwa yachimbuliwe na kuzibwa. Kisha udongo ujaribiwe: tonge lililoloweshwa kidogo, likirushwa juu na kudakwa, lisivunjike. Utandazwe ukiwa na unyevu, si mkavu wala si uji, unene wa sentimeta 15, ushindiliwe kwa magogo mazito au ukanyagwe na ng'ombe mpaka uwe mgumu. Halafu tabaka la pili juu yake, hata unene wote baada ya kushindiliwa usipungue sentimeta 30. Kingo ziwe za mteremko wa polepole, zisiporomoke. Pale bomba lipitapo ukingoni pashindiliwe kwa uangalifu zaidi, kwani maji hupenda kutoroka hapo. Mwisho lifunikwe kwa udongo wa kawaida, na maji yaingizwe taratibu kabla jua halijaupasua. Tangu siku hiyo ng'ombe wasiingie tena. Wanyweshwe nje, katika hori.

Kuna wasemao, "Hayo ni mambo ya kale, siku hizi kuna saruji na turubai la plastiki." Siwabishii wote. Ndiva kadhaa za Upare zimesakafiwa kwa saruji. Na mahali ambapo udongo mzuri uko mbali, au bwawa hukauka kabisa kila mwaka, saruji yaweza kuwa bora, kwa maana udongo ukikauka hupasuka, hasa ule mweusi wa mbugani. Lakini saruji ni ya kununuliwa, na ardhi ikititia kidogo hupata ufa. Turubai nalo hutobolewa na jembe au kwato moja tu. Udongo hufuata ardhi inapotitia, na ukiharibika hutengenezwa kwa udongo ule ule na mikono ile ile.

Mwingine atauliza, "Ikiwa maji yanayozama hutokea chemchemini, yamepotea wapi?" Swali hili ni la haki. Maji hayakupotea duniani, lakini yamepotea kwa maharagwe yanayokauka mwezi wa Septemba. Tena neno hili latufundisha kiasi: mwenye bwawa lisilovuja hana haja ya kuchukua zaidi ya zamu yake, na jirani wa chini naye atapata. Magomvi mengi ya mferejini huanza hivi: mtu bwawa lake halijai, akafungua maji usiku zamu isiyo yake. Hodari wa kulaumu ni wengi. Wa kushika ndoo na kupima ni wachache.

Kweli, kazi ni nzito. Kwa bwawa lile la mfano wetu, chini peke yake pataka meta 18 za ujazo za udongo, bila kuhesabu kingo. Haiwi kazi ya mtu mmoja. Ni kazi ya msaragambo: leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama wazee walivyotengeneza mifereji pamoja kabla ya mvua. Tena bwawa lizungushiwe ua, watoto wadogo wasije wakazama, na majani ya kingoni yafyekwe, mbu wasipate maficho.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Basi ninyi mjuao kuzidisha na kutoa, pimeni bwawa la nyumbani kwa ndoo na alama, mkawaambie wazazi wenu kwa heshima mliyoyaona: madebe mangapi yamechukuliwa na jua, na mangapi na ardhi. Hesabu iliyopigwa kwa uaminifu yaweza kumtoa mzee nje na jembe lake kuliko lawama za mwaka mzima.