Maji ya Mlimani, Lawama za Bondeni

Masika yakikolea Dar es Salaam, hukumu hutoka kabla matope hayajakauka: watu wa mabondeni wamejitakia. Wamejenga kwenye mkondo, wametupa taka mtoni, wameambiwa wahame wakakaidi. Viongozi husema hivyo redioni, na abiria kwenye daladala huitikia. Ni maelezo matamu kwa anayeyatoa, maana yeye hayumo.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Paa la mita za mraba 100, ikinyesha mvua ya milimita 50, humwaga lita 5,000: simtanki zima, na kubwa. Panda Salasala, Wazo au Goba uone yanakoelekezwa. Ua umelazwa pevingi kuanzia getini hadi mlango wa jikoni. Chini ya ukuta limetobolewa tundu, bomba limechomoza, linatema maji barabarani. Barabara ni ya vumbi na haina mtaro. Mvua kubwa chache tu huigeuza korongo, na mchanga wake huenda kujaza mto. Chamazi na Toangoma, upande wa Temeke, mambo ni hayohayo. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani watu 4,364,541. Ile ya 2022, watu 5,383,728. Nyongeza hiyo imejaa zaidi pembezoni, mahali ambapo jana mashamba na vichaka vilikuwa vikiyanywa maji hayo.

Mwenye bomba lile hakuna anayemwita mkaidi.

Dawa ya kuhamisha imeshajaribiwa. Desemba 2011, mvua ambayo jiji halikuwa limeiona tangu 1954 iliua watu zaidi ya 40, na Serikali ikawapa waathirika wa Bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande, huko mwisho wa Kinondoni. Baadhi yao waliviuza wakarudi mjini. Kibarua wa Kariakoo atatoa wapi nauli ya kila alfajiri? Mafuriko nayo yalirudi 2018, na Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua zimeua watu 155 nchini.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sawa. Lakini huyo anayeitwa mvamizi ana karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe, ana mita ya umeme, na tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU yake. Siku ya kununua umeme anatambulika vizuri tu. Uvamizi hukumbukwa maji yakishaingia chumbani.

Taka zinaziba mitaro, hilo halina ubishi, ingawa anayelisema angeuliza pia gari la taka linapitaje kwenye vichochoro vya Tandale. Mto Ng'ombe umejengewa kingo za zege kupitia mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, kazi ya maana, ila mfereji uliopimwa kwa maji ya leo utayabebaje ya mapaa yatakayoezekwa kesho huko juu?

Halmashauri hudai michoro kabla ya kutoa kibali cha ujenzi. Zidai pia shimo la kunyonyea maji ya mvua au tanki la kuyakinga, na mkaguzi afike kuliona kabla pevingi haijalazwa. Atakayeyatema barabarani atozwe faini, kama anavyotozwa anayetiririsha maji ya choo.