Upanga mrefu si lazima uwe upanga wako

Najua nimekuwa kimya. Wiki mbili hizi zilikuwa za insha na mazoezi ya kufundisha, na mwalimu mwanafunzi akishatoka darasani saa tisa alasiri hana hamu hata ya kuongea, sembuse kuandika. Leo nimepata nafasi, na kuna hoja imenikaa kooni. Inahusu panga.

Msianze kucheka. Sisemi panga la kufyekea majani. Nasema ule mchezo niliowasimulia tangu nifike huku kaskazini mwa Uingereza: watu wanasoma vitabu vya kale vya Ulaya vinavyofundisha kupigana kwa upanga, wanavaa barakoa za waya na majaketi mazito, wanashika panga za chuma zisizo na makali, halafu wanajaribu kufanya kile kilichoandikwa. Klabu ya hapa chuoni inakutana Jumanne na Alhamisi jioni, na mimi nakaribia kumaliza mwaka wa pili nao.

Sasa wiki ijayo tunapiga kura. Klabu ina pesa za kununua panga sita mpya za mikono miwili, zile za kuazimisha wageni. Wengi wanataka zote sita ziwe za sentimeta 132, kama zile tulizonazo. Mimi nasema hapana, tununue saizi tatu, mbili mbili. Nikaambiwa, "Utazoea tu." Ndiyo maana naandika. Msimamo wangu ni kwamba urefu wa upanga upimwe kwa mwili wa anayeushika na kwa kitabu anachokisoma, na kumpa kila mgeni saizi moja ni kumwonea kabla hajaanza.

Tuanze na mwili. Mimi nina sentimeta 158, nanyi mnaonijua mnajua hata hizo nimezipata kwa kunyoosha shingo. Upanga wa klabu ukiusimamisha sakafuni pembeni yangu unapita bega. Rafiki yangu mmoja wa idara ya hesabu ana sentimeta 188, na upanga huohuo haumfiki hata kwapani. Chuma ni kilekile, lakini mikononi mwetu ni silaha mbili tofauti.

Na hili si jambo nililolibuni mimi kwa uvivu. Filippo Vadi, mwalimu wa Italia aliyeandika miaka ya 1480 kitabu alichomtunukia mtawala wa Urbino, alisema wazi kwamba upanga wa mikono miwili ukisimama chini, kile kirungu cha mwisho wa mpini kifike chini ya kwapa. Mpini wenyewe akaupimia shubiri. Mnaona? Shubiri! Bibi yangu angemwelewa Vadi bila mkalimani. Shubiri, dhiraa, pima, vyote ni vipimo vya mwili, na fundi wa zamani alikuwa akikupimia wewe, hapimi mtu wa wastani ambaye hajawahi kuzaliwa. Kwangu mimi kipimo cha Vadi kinatoka kama sentimeta 118. Kwa yule rafiki yangu ni kama 141. Tofauti ya sentimeta 23, halafu mtu anakwambia utazoea!

Sasa njoo kwenye kitabu. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, maana kila mwalimu alikuwa na mchezo wake na kipimo chake. Ridolfo Capo Ferro, aliyechapisha kitabu chake Siena mwaka 1610, anafundisha rapia, ule upanga mwembamba wa mkono mmoja wa kuchomea. Yeye anataka upanga uwe mara mbili ya mkono wako, na ulingane na ile hatua yako ndefu ya kuchoma, na pia ulingane na kutoka wayo hadi kwapa. Chukua utepe ujipime hizo tatu uone kama zinatoa namba moja. Kwangu hazitoi. Ila ukizisoma pamoja unaelewa anachotaka: mkono, hatua na chuma viende pamoja kama kitu kimoja.

Gérard Thibault, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1630, anataka kifupi zaidi. Simamisha upanga, ncha iguse chini kati ya miguu yako, na kile chuma kinachokinga mkono kifike kitovuni. Ukicheza mchezo wa Thibault na upanga wa Capo Ferro, umbali wote anaouchora kwenye duara lake lile maarufu unavurugika. Ni kama kupika kwa kipimo cha kikombe cha mtu mwingine.

Halafu kuna Mwingereza George Silver, ambaye ndiye kipenzi changu kwa sababu ana hasira. Mwaka 1599 aliandika kitabu kizima cha kulalamikia rapia ndefu za Kiitalia. Kipimo chake unaweza kukifanya chumbani sasa hivi: shika upanga mkono mmoja na kisu mkono mwingine, nyoosha mbele mkono wa kisu, kisha rudisha nyuma mkono wa upanga kadiri unavyoweza bila kujilazimisha. Upanga ambao ncha yake inaweza kurudi hadi ndani ya kisu ndio saizi yako. Kwa watu wa kimo cha kawaida alitaja bapa la yadi moja na inchi moja, yaani sentimeta 94. Kwa warefu, yadi moja na inchi tatu au nne, basi, asiongeze.

Sababu yake ndiyo ya maana. Panga zikishakutana, lazima uweze kuitoa ncha yako pale ilipo na kuirudisha mbele ya adui. Bapa likiwa refu kuliko mkono wako, huwezi kuitoa bila kurudi nyuma hatua, na wakati unarudi, mwenzako ameshaingia. Akiingia ndani ya ncha yako, ule urefu uliojivunia umegeuka mzigo. Sisi tuna methali, fimbo ya mbali haiui nyoka. Silver angeichapa kwenye jalada.

Nakubali kuna upande wa pili, tena una nguvu. Joseph Swetnam, Mwingereza mwingine, mwaka 1617 alishauri rapia ya futi nne au zaidi, yaani sentimeta 122 na kuendelea. Na wale wanaonipinga klabuni wanasema: wewe mfupi ndiye unayehitaji upanga mrefu, ufidie mkono wako mfupi. Ni kweli, sentimeta kumi za ziada zinakufikisha kwa mpinzani kabla yeye hajakufikia, na kwenye mashindano watu wanashinda kwa hilo. Hata tamaa yenyewe si ya leo. Mwaka 1562 Malkia Elizabeth wa Kwanza alipiga marufuku panga zenye bapa la kupita yadi moja na nusu ya robo, kama sentimeta 103, na habari za wakati ule zinaeleza jinsi watu walivyowekwa kwenye malango ya London kuvunja ncha za wale waliozidisha. Serikali haipigi marufuku kitu ambacho hakuna anayekitaka.

Lakini hebu tufikiri kama walimu, si kama washindani. Mkono ni wenzo. Uzito ukikaa mbali na kiganja unahitaji nguvu nyingi zaidi kuuanzisha na kuusimamisha. Panga halisi za mikono miwili za zamani zilikuwa na kilo moja na robo hadi moja na nusu hivi, si zile kilo kumi za kwenye sinema, kwa hiyo tatizo si kuubeba. Tatizo ni kuusimamisha pale unapotaka. Mgeni mwenye mkono mfupi akipewa upanga uliomzidi, anachelewa kuusimamisha. Akichelewa, anaanza kupinda mgongo ili kuusaidia mkono. Mwili ukishazoea kupinda, kuja kuunyoosha ni kazi ya miezi. Anayeshindana kwa miaka mitano anaweza kuamua kwa makusudi kubeba upanga uliomzidi, maana anajua analipa nini na anapata nini. Mgeni wa wiki ya pili hajui. Yeye anachojua ni kwamba wenzake wanaweza na yeye hawezi.

Na hapo ndipo panaponiuma. Mwaka huu nimeona wasichana watatu wafupi wakija wiki nne tano na kuacha. Hakuna aliyesema "upanga mrefu." Wote walisema, "Huu mchezo si wangu." Nyie mnaosoma ualimu mnajua sentensi hiyo inatoka wapi. Ni sentensi ileile ya mtoto wa darasa la kwanza aliyekalishwa kwenye dawati la darasa la saba, miguu inaning'inia, mwandiko umepinda, halafu anaambiwa ana mwandiko mbaya.

Ukitaka ushahidi kwamba mchezo huu haukuwa wa majitu peke yao, nenda Leeds, jumba la makumbusho la Royal Armouries. Ndio wenye kitabu cha zamani kuliko vyote vya aina hii vilivyobaki, cha mwanzoni mwa miaka ya 1300, cha upanga na kigao kidogo. Wahusika wake ni padri na mwanafunzi wake, yaani mwalimu na mwanafunzi kabisa, na kurasa za mwisho anatokea mwanamke anaitwa Walpurgis, ameshika upanga naye anapigana. Nyumba ina nafasi ya watu wa kila kimo tangu siku ya kwanza.

Kuna mmoja akanijibu kwa mfano wa jeshi: mwanajeshi hakuchagua, alipewa. Sawa kabisa. Lile jambia lililopinda la wapanda farasi wepesi wa Uingereza la mwaka 1796 lilikuwa na bapa la sentimeta 83 hivi, na mrefu na mfupi walipewa hilohilo. Ukisoma mchezo huo, usijipime kwapa wala kitovu, chukua kile walichopewa. Ndiyo maana nikasema mwili NA kitabu. Ila jeshi lilitoa saizi moja kwa urahisi wa kiwanda na ghala. Hakuna mwalimu aliyekaa akasema kwamba hivyo ndivyo binadamu wanavyojifunza vizuri. Na kitabu tunachofundishia Jumanne ni cha Vadi, si cha jeshi la farasi!

Kwa hiyo kama na wewe siku moja utajikuta kwenye ukumbi wa namna hii, fanya hivi kabla ya kutoa hela, maana upanga mzuri wa mazoezi unazidi pauni 200, na wale wa Mlimani mnaosubiri bumu mnajua hiyo ni pesa ya kula miezi mingapi. Kwanza jua unasoma kitabu gani. Pili, jipime kwa kipimo cha kitabu hicho ukiwa na viatu vya mazoezi. Tatu, azima panga mbili tatu zinazokaribia namba hiyo ucheze nazo jioni nzima, maana panga mbili za urefu mmoja zinaweza kuwa tofauti kabisa mkononi kutegemea uzito umekaa wapi. Nne, mwisho wa jioni, ukiwa umechoka, piga pigo na usimamishe ncha usoni pa barakoa ya mwenzako. Ncha ikitetemeka au ikizama, huo si wako bado. Usinunue kwa sababu bingwa wa mashindano anatumia huo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Na kwa klabu yangu, nitasema hivihivi siku ya kura: panga mbili za 118, mbili za 126, mbili za 134. Bei haitofautiani kwa kiasi cha kutuumiza. Mgeni asimame, tumpime kwapa, tumpe wake, dakika moja imekwisha. Akishindwa baada ya hapo, ashindwe na mchezo, asishindwe na chuma tulichomchagulia sisi.

Kura ni Alhamisi. Nikishinda nitawaambia, nikishindwa pia nitawaambia. Sasa nakwenda kusahihisha madaftari ya watoto wa watu, yananisubiri mezani tangu asubuhi.

Nawasilisha.