Vunja bawa mwenyewe kabla halijavunjika angani

Nimepotea wiki kadhaa kwa sababu nitakayoieleza hapo chini, na si ya kujivunia. Leo naomba tuiache tarakilishi kando kidogo tuzungumze kuhusu ndege. Mimi si rubani wala mhandisi wa ndege. Ni mwandishi wa programu tu ambaye siku hizi anasoma habari za mabawa usiku badala ya kulala.

Tuanze na kanuni moja. Anayesanifu ndege ya abiria hukadiria kwanza mzigo mkubwa kabisa ambao ndege hiyo inatarajiwa kukutana nao maishani mwake: upepo wa ghafla, kona kali, kutua kwa kishindo. Huo ndio mzigo wa kikomo. Kisha sheria inadai muundo ustahimili mara 1.5 ya mzigo huo kwa angalau sekunde 3 bila kuvunjika. Kwa nini isiwe mara 3 au mara 5, tulale usingizi mnono? Jibu ni uzito. Kila kilo unayoongeza kwenye bawa itabebwa kila safari, kwa miaka ishirini na zaidi, na mafuta yake yatalipiwa. Ndege isiyoweza kuvunjika kabisa pengine haitaweza kuruka pia.

Kwa hiyo wahandisi hufanya jambo ambalo sisi wa programu hatulipendi. Wanachukua ndege nzima, wanaifunga ndani ya karakana, wanayavuta mabawa juu kwa mitambo hadi wajue ukweli. Januari 1995 Boeing waliyavuta mabawa ya 777 mpaka yakavunjika, na yalivunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo wa kikomo. Yalipita kiwango, lakini kwa kidogo sana. Ukiniuliza, huo ndio usanifu mzuri: nguvu ya kutosha, bila kilo za bure.

Airbus hawakubahatika hivyo. Februari 2006, bawa la A380 lilivunjika kabla ya kufikia 150, kwenye asilimia 145 hivi. Fikiria aibu! Ndege ilikuwa imeshaanza kuruka tangu Aprili 2005 na dunia nzima ilikuwa ikitazama. Walichofanya ni kutafuta mahali hasa palipolegea na kuimarisha hapo tu. Marekebisho hayo yaliongeza kilo 30 tu kwenye bawa. Ndege ya zaidi ya tani 500 inapoondoka, ikaponywa na uzito wa mifuko michache ya unga!

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha 787, ambayo Kenya Airways wamekuwa wakiirusha tangu 2014. Mwaka 2009 Boeing waligundua wakati wa jaribio kwamba mahali bawa linapoungana na kiwiliwili palikuwa na tatizo. Ndani ya ngozi ya juu ya bawa kuna mihimili myembamba ya kaboni inayokwenda kwa urefu wa bawa. Mzigo ulikuwa ukirundikana kwenye ncha za mihimili hiyo, na kaboni ikaanza kubanduka. Juni mwaka huo walitangaza kwamba safari ya kwanza imeahirishwa, ingawa ndege ilikuwa imeonyeshwa hadharani karibu miaka miwili kabla, na wateja walikuwa wamechoka kusubiri.

Dawa yake je? Mimi ningedhani watabandika chuma kinene hapo. Kumbe walikata! Kwenye sehemu 34, 17 kila upande, waliutoboa mwisho wa kila muhimili kwa umbo la herufi U ili usibebe mzigo mwingi kupita kiasi, kisha wakaufunga upya kwenye kiungo cha titani ili mzigo upite huko. Ndege iliruka Desemba 15, 2009, na Machi 2010 mabawa yakavutwa hadi asilimia 150. Yalipinda zaidi ya mita 7 na hayakuvunjika.

Fundi yeyote wa jua kali analijua jambo hili hata kama hajaliona kwenye kitabu. Chesisi ya pikapu ikipata ufa, ukichomelea bamba nene juu yake, miezi michache baadaye ufa mpya utatokea, na utatokea pembeni mwa bamba lako. Umepafanya mahali pamoja pawe pagumu, basi mzigo umehamia kwa jirani. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kabla ya kuziba, uliza kwanza ni nini kinachousukuma ukuta.

Sasa niwaambie nilikokuwa. Timu yetu iliandika mfumo wa malipo kwa chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Niliujaribu na watumiaji hamsini wa kubuni, ukapita vizuri, nikaweka sahihi yangu. Mwisho wa mwezi wanachama wote waliingia asubuhi moja kuangalia salio, na mfumo ukalala. Tulifanya nini? Tuliongeza seva mbili. Ukalala zaidi. Kumbe kila ombi lilikuwa likisubiri zamu kwenye jedwali moja la hifadhidata, na kila seva mpya ilirefusha foleni hiyo hiyo. Mzee mmoja alinipigia simu akaniuliza, "Kijana wangu, pesa za karo ziko wapi? Mtoto amerudishwa nyumbani." Sikuwa na jibu. Tulichukua siku tatu kupata dawa, na dawa ilikuwa ni kupunguza kazi kwenye jedwali lile. Seva zile mbili tulizizima.

Kuna atakayesema kwamba nalinganisha vitu visivyolingana, kwamba programu hurekebishwa kesho na bawa halirekebishwi angani. Kweli. Lakini mtoto yule alikosa masomo siku tatu, na hakuna toleo jipya litakalomrudishia. Isitoshe, programu na bawa si watu wa nyumba mbili tena. Lockheed walipotaka kurefusha mabawa ya TriStar ya L-1011-500, walitumia kompyuta iliyosogeza vibawa vya nyuma upepo ulipopiga, ili kupunguza mzigo kwenye bawa. Badala ya chuma zaidi, waliweka akili. Mwenye kuandika akili hiyo ni mtu kama mimi na wewe.

Wala nguvu peke yake haimalizi maneno. Novemba 12, 2001, mkia wa wima wa A300 ulivunjika muda mfupi baada ya ndege kuondoka New York, na watu 265 walikufa. Mkia ule haukuwa dhaifu: ulivunjika kwa mzigo uliozidi hata ile mara 1.5. Wachunguzi walisema rubani aliukanyaga usukani huku na huku kupita kiasi, na wakataja pia jinsi pedali zilivyosanifiwa na mafunzo aliyopewa. Mtumiaji atafanya ambalo hukulitarajia, na mara nyingine ni wewe uliyemfundisha hivyo.

Maoni yangu basi ni haya. Kila mfumo unaobeba pesa au matibabu ya watu uwe na mzigo wake wa kikomo, ulioandikwa kwa tarakimu na kukubaliwa na mteja. Ujaribiwe kwa mara 1.5 ya huo. Ukishapita, endelea kuusukuma mpaka uvunjike, ujue unavunjikia wapi. Na bosi akisema "ongeza seva", mwombe kwanza akuonyeshe ufa uko wapi. Ukipata kilo 30 zako, weka hapo tu.

Mimi nimeanza wiki hii. Mfumo wetu mpya umevunjika mara nne tayari, yote mikononi mwangu, na hakuna mzee aliyenipigia simu. Wewe ulivunja wako lini mara ya mwisho? Niandikie.