Kila Kitu Kizima, Mzigo Mbovu

Wakristu wenzangu wa Butembo na Beni, leo nataka kusema na wenye maduka. Najua wengi wao husoma gazeti hili, na wengine huketi mabenchi ya mbele siku ya Dominika. Nawaomba wasinikasirikie kabla ya kufika mwisho.

Katika mitaa yetu ya biashara kuna mali iuzwayo kwa jina la "kit". Neno ni la kigeni, nasi tumelitamka mpaka limekuwa kiti, ingawa hakuna awezaye kukikalia. Maana yake ni vitu kadha vilivyofungwa pamoja na kuuzwa kwa bei moja: bamba la kupokea jua, tuitalo pano, batri, regilateri ya kuongoza umeme, taa nne au sita, na nyaya zake. Vijijini, na hata katika mitaa mingi ya mji isiyofikiwa na umeme, huo ndio mwanga wetu. Mzazi anununua ili watoto wasome. Muuguzi anunua ili apokee mtoto usiku bila kushika tochi mdomoni. Tena upande wa Beni, ambako watu wameuawa ovyo tangu mwaka 2014, taa mlangoni si anasa.

Kapela ninayofundishia nayo ilinunua kit. Wakristu walichanga kwa miezi saba, huyu kwa maharagwe, yule kwa viazi, mjane mmoja kwa kuku. Zikapatikana dola 190. Duka lilikuwa hapa hapa Butembo, na jina lake naliacha. Tulieleza shida yetu waziwazi: taa nne ziwake tangu magharibi kwa saa tano, kwa ajili ya sala na masomo ya watu wazima. Mwenye duka akatufungia mzigo. Batri iliandikwa volti 12, ampea-saa 100, nzito hata ikahitaji vijana wawili kuipandisha kwenye pikipiki. Uzito huo ulitufurahisha mno. Pano iliandikwa wati 20. Hatukuuliza neno. Katika wiki ya tatu, katikati ya Rozari, taa zikafifia, zikazima.

Nilirudi dukani. "Mwalimu," mwenye duka akaniambia kwa adabu, "batri ni nzima, pano ni nzima, taa ni nzima. Uniambie kipi kibovu." Akaitia batri umeme wa jenereta, akapima kila kitu mbele yangu, na kweli kila kitu kilikuwa kizima. Kisha akaweka kidole chini ya faktire, palipopigwa chapa kwamba mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Nikatoka, maana sikuwa na la kujibu. Jibu nimelipata baadaye, na ndilo hili ninaloandika.

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu haimpendelei mtu. Pano ya wati 20, ikipata jua zuri kwa saa tano, yatoa wati-saa 100 kwa siku. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 yataka wati-saa 1,200 ili ijae. Basi, hata tukikaa gizani bila kuwasha taa moja, na hata tukihesabu kwamba hakuna kinachopotea njiani, batri yajaa baada ya siku kumi na mbili za jua. Na taa zetu? Taa nne za wati tano kwa saa tano ni wati-saa 100. Kilichoingia mchana chatoka chote usiku! Siku ya ukungu na mvua, nasi wa milima ya Lubero twaijua sana, batri yateremka. Nayo batri ya risasi ikikaa siku nyingi bila kujaa, mabamba yake ya ndani hushika unga mweupe mgumu, ikafa kabisa. Kwa hiyo mzigo huo haukuharibika kwa bahati mbaya. Ulikuwa umekwisha haribika siku ile ulipofungwa.

Wako pia wafungao kinyume chake: pano kubwa pamoja na kijibatri cha pikipiki na regilateri isiyo na nguvu ya kuzuia. Hapo batri huchemka na kufura, na mnunuzi huambiwa kwamba hajui kutunza vitu.

Sasa nauliza: mtu anunuapo kit, ananunua nini? Kama angetaka pano peke yake, angenunua pano. Anunua kupatana kwa vitu. Yeye ni mkulima, hajui wati wala ampea, na kwa sababu hajui ndiyo maana anamwendea ajuaye na kumwambia, unifungie. Mwenye kufunga vitu vitano kwa bei moja ameuza kitu cha sita, nacho ni neno lake kwamba hivi vitano vyafaa pamoja. Neno hilo likiwa la uongo, haifai kitu kunionyesha kwamba vile vitano ni vizima.

Wengine watasema: maandiko yalikuwa juu ya pano, mwalimu ana macho, angesoma. Ni kweli, sheria yetu ya mapatano, yaani amri ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo yatumika mpaka leo, haimlazimishi muuzaji kujibu kwa kasoro iliyo wazi, ambayo mnunuzi mwenyewe angeweza kuitambua. Lakini namba isiyoeleweka ni wazi kwa nani? Kwa mwanamke aliyeuza kuku wake, kasoro hiyo imefichika kama jiwe ndani ya gunia la maharagwe. Na juu ya kasoro iliyofichika, sheria hiyo hiyo yampa mnunuzi haki ya kuchagua: arudishe kitu apewe fedha zake, au abaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Muuzaji aweza kujikinga kwa mapatano ikiwa yeye mwenyewe hakujua kasoro. Aliyejua hana kinga, hata akipiga chapa faktire elfu moja. Tena kitabu cha makosa cha mwaka 1940 chamwadhibu anayemdanganya mnunuzi kwa hila.

Seminarini tulifundishwa jambo hili kabla hatujasikia habari za pano. Mtakatifu Toma wa Akwino alilichunguza zaidi ya miaka 700 iliyopita. Asema muuzaji wa farasi mwenye jicho moja halazimiki kupiga kelele, kwa kuwa kila mtu aliona jicho, mradi apunguze bei kwa haki. Lakini kasoro isiyoonekana sharti aitaje. Na aliyeuza bila kujua, akijulishwa baadaye, anadaiwa fidia. Naye nabii Amosi aliwakaripia waliongoja sabato ipite ili wauze makapi ya ngano. Wale nao, nadhani, walikuwa na jina zuri la mzigo wao.

Najua udhuru mwingine: "Nami nilinunua hivyo Guangzhou, au Dubai, boksi likiwa limefungwa." Vema. Basi umdai aliyekuuzia. Tangu mwaka 2012 Kongo imo katika OHADA, na sheria zake zasimamia mauzo baina ya wafanyabiashara. Wewe una barua, una simu, una wakili. Mjane wa kuku atamdai nani huko Guangzhou? Tena mizigo mingine haikufungwa huko hata kidogo. Imefungwa nyuma ya duka, ili batri iliyokosa mnunuzi iondoke pamoja na pano iliyokosa mnunuzi.

Siwachukii wafanyabiashara. Mji wa Butembo umejengwa kwa jasho lao, na kuna watu hapa wakopeshanao mali nyingi kwa neno tu, bila karatasi. Hao ndio wanaoharibiwa jina na kit za namna hii.

Nasi wanunuzi tuna kosa letu. Faktire yetu ilisema "kit 1, dola 190", basi. Ingetupasa kudai kila kitu kiandikwe na namba yake, na chini yake mstari mmoja: taa nne, saa tano kila usiku. Muuzaji akikataa kuandika mstari huo, amekwisha kujibu. Na mzigo ukishindwa, turudi upesi, na karatasi na mashahidi wawili, tusingoje miezi. Akikaidi, iko Tume ya Haki na Amani ya jimbo letu, na iko baraza ya hukumu.

Mwenye duka wetu alitoa shauri moja: tununue kwake pano kubwa, naye atapunguza bei. Hatujainunua. Batri ingali ndani ya sakristia, chini ya kabati la mavazi. Akitaka kuipima tena, mlango u wazi kila Dominika baada ya sala.