Rekodi ya Avatar Itavunjwa, Lakini Banda Letu Halitahesabiwa

Naandika kutoka hapa Garissa, mji wa jua kali na maziwa ya ngamia. Leo naweka kando habari za kuandika programu, nizungumzie sinema kidogo. Msikimbie, mwishowe tutarudi kwenye kompyuta kama kawaida yangu!

Swali ni lile ambalo vijana hubishania sana wakishamaliza habari za mpira: je, kuna filamu itakayoipita Avatar kwa mapato?

Tuanze na tarakimu. Titanic ilitoka 1997, na 1998 ikawa filamu ya kwanza kuvuka dola bilioni 1 duniani. Watu wakasema basi, hakuna atakayefika hapo. Rekodi ikakaa kama miaka 12 hivi, hadi Januari 2010 ilipopitwa na Avatar. La kuchekesha ni kwamba zote mbili ni za mwongozaji mmoja, James Cameron. Watu wakasema tena basi. Julai 2019 ikaja Avengers: Endgame ikaipita Avatar. Machi 2021 Avatar ikarudishwa katika majumba ya sinema ya China, ikachukua tena kiti chake. Leo ina takriban dola bilioni 2.92, na Endgame takriban bilioni 2.8.

Kwa hiyo mkiniuliza, nasema itavunjwa. Nina sababu mbili.

Kwanza, dola si kipimo kinachotulia. Bei ya tiketi hupanda. Ukiandaa mbio za mita 100, halafu kila mwaka ukaifupisha mita yenyewe, utapata bingwa mpya kila mara, hata kama miguu ni ile ile! Avatar yenyewe ilisaidiwa na tiketi za miwani ya 3D zilizokuwa ghali kuliko za kawaida. Ukirekebisha thamani ya pesa, anayeongoza bado ni Gone with the Wind, filamu ya 1939.

Pili, uwanja umepanuka. Mwaka 2025 katuni ya Kichina, Ne Zha 2, ilivuka dola bilioni 2, na karibu pesa zote zilitoka China peke yake. Kama nchi moja inaweza hayo, fikiria siku filamu ya namna hiyo itakapopendwa na dunia nzima.

Wapo watakaonipinga kwamba siku hizi watu hukaa nyumbani wakitazama kwa intaneti, na tangu korona ya 2020 majumba ya sinema hayajapona vizuri. Ni kweli. Ndiyo maana nadhani rekodi ya pesa itavunjwa, lakini ile ya idadi ya watu walionunua tiketi huenda isivunjwe kamwe. Hayo ni mambo mawili tofauti, nasi huyachanganya.

Sasa tuje nyumbani.

Niliiona Avatar mara ya kwanza katika banda la video: mabati juu, viti vya mbao, televisheni moja na spika inayokoroma. Juu ya sauti ya filamu kulikuwa na sauti ya msimulizi anayetafsiri na kutia chumvi, mtindo ambao DJ Afro ameufanya maarufu Kenya nzima. Tulijaa hadi mlangoni. Siku nyingine ilikuwa zamu ya filamu ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kisomali, na wazee nao wakaja. Nililipa shilingi zangu chache. Katika zile bilioni 2.92, yangu haimo hata senti moja.

Mtasema, si nakala ya wizi hiyo, ulitaka ihesabiwe vipi? Sawa, nakubali kosa. Lakini tazameni matokeo yake. Kwa anayepanga biashara ya filamu, mahali pasipo na tiketi ni mahali pasipo na watazamaji. Hataleta jumba, hataleta filamu, wala hatauliza watu wa huku wanapenda nini. Programu iliyolishwa sifuri hutoa sifuri.

Sisi wa kaskazini mashariki tunajua uzito wa kuhesabiwa. Mwaka 2010 serikali ilipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, ilifuta ya wilaya 8, na 5 kati ya hizo zilikuwa za mkoa wetu, Lagdera ya hapa Garissa ikiwemo. Sibishani leo nani alikosea. Nasema tu kwamba namba inapokosekana, mtu mwingine hukukadiria, na kwa kawaida hakukadirii vizuri.

Wala si kwamba hatuna hadithi. Desemba 21, 2015, magaidi walisimamisha basi la Mandera karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Kisa hicho kikawa filamu fupi, Watu Wote, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Hadithi ni yetu, lakini alikuja mwingine kuitengeneza. Kijana wa Garissa anayetaka kutengeneza inayofuata atamwonyesha mfadhili namba gani?

Hapa ndipo kompyuta inaporudi. Tangu 2007 tuna M-Pesa. Banda likipokea kiingilio kwa simu, kila malipo tayari ni rekodi: saa, kiasi, siku. Kuandika programu ya kujumlisha hayo ni kazi ya wikendi moja, wala sitanii. Kigumu si msimbo. Kigumu ni mwenye banda, anayeogopa kwamba akihesabiwa atakamatwa kwa nakala zake au atozwe kodi asiyoiweza. Na hofu yake ina msingi! Basi kianze kibali cha bei ya banda, si cha bei ya jumba la Nairobi, na filamu halali ziuzwe kwa bei hiyo hiyo. Hesabu itafuata yenyewe.

Avatar itapitwa, leo au baada ya miaka 10. Mimi nangoja rekodi nyingine: siku tutakapoweza kusema filamu fulani imetazamwa na watu kadhaa Garissa, Wajir na Mandera, na namba hiyo iwe ya kweli.

Wewe waonaje?