Kitabu Kilicholipiwa Kiwe Chetu

Sokoni Kwa Sadala mnunuzi hatoi fedha yake kwa nguo ya mtumba kabla ya kuigeuza, kuuvuta mshono na kuitazama juani. Uangalifu huo huo unatakiwa kwa wazazi na kamati za shule za Masama na Machame wanaofikiria kununua vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki.

Hatuvibezi vifaa hivyo. Kioo chake cha wino wa kielektroniki husomeka juani kama karatasi, nacho hutumia umeme hasa ukurasa unapogeuzwa. Chaji moja huweza kudumu kwa majuma. Palipo na umeme wa kukatikakatika, hiyo si faida ndogo. Lakini kioo cha inchi 6 kisicho na rangi hakifai kwa kitabu cha kiada kilicho katika PDF: herufi hufifia kwa udogo na michoro hupoteza maana. Kwa kazi hiyo kishikwambi ni bora.

Hata hivyo, swali kubwa si kioo, bali ni umilikaji. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta, kutoka mbali, nakala za vitabu viwili vya George Orwell katika Kindle za wateja waliokwisha kuvilipia. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vikatoweka pamoja nalo. Kweli, wanunuzi walirudishiwa fedha. Lakini je, nani aliwauliza kama wanataka fedha au kitabu? Na Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya mteja kupakua vitabu vyake kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Ni dhahiri kwamba anachouziwa mteja ni ruhusa ya kusoma tu.

Basi tuulize kabla ya kulipa. Je, kifaa hufungua faili za EPUB, zinazotumiwa na wachapishaji wengi? Kobo huzifungua, Kindle haizifungui mpaka zigeuzwe kwanza. Je, nakala yaweza kuhifadhiwa mahali pengine? Je, vitabu vya Kiswahili tunavyovihitaji vimo?

Kitabu cha karatasi alichonunua baba husomwa na mwanawe, kisha na mtoto wa jirani, bila idhini ya mtu. Fedha ya shule ni jasho la wananchi. Isitumike kununua maktaba ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mwingine.